Filamu za Uchina na Madai ya Barazani

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilicho bara, kikitazamana na kisiwa cha Kiwayu, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Jumba la sinema hakuna. Filamu hufika mifukoni, ndani ya simu, zikipita kutoka kwa kijana aliyerudi kutoka Mombasa hadi kwa nduguye aliyebaki na nyavu, na mara nyingi zinafika zimeshakatwa vipande. Zinazozua ubishi mkubwa ni zile za hali halisi kuhusu Uchina: tetemeko, moshi wa viwanda, mabwawa yaliyofunika miji, siasa za Beijing, na zile zinazosema kwamba Wachina ni wajomba zetu wa tangu zamani.

Si ajabu. Lamu imefungamana na Uchina kuliko kaunti nyingi za Kenya. Gati tatu za kwanza za bandari ya Lamu zilijengwa na kampuni ya Kichina, CCCC, na ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Kwasasi kilitegemea fedha na wahandisi wa Uchina. Na kule Siyu, kisiwani Pate, wapo watu wanaotangazwa duniani kuwa ni uzao wa mabaharia wa Kichina. Kwa hiyo mtu wa Mkokoni anapoitazama Uchina kwenye kioo cha simu hatazami mambo ya mbali. Ninachokilalamikia mimi ni maneno yanayofuata filamu ikisha kwisha. Yapo madai yamezoeleka mno, hata hakuna anayeyahoji tena.

"Hizo ni fitina za Wazungu, wanaionea Uchina wivu."

Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Zipo filamu za Ulaya na Marekani zinazomwonyesha Mchina kama dude linalokuja kuimeza dunia. Na zipo zilizotengenezwa kwa nia njema zikaharibiwa na wakataji. Chukua Empire of Dust, ya Mbelgiji Bram Van Paesschen, iliyotoka 2011, kuhusu Wachina waliokwenda kujenga barabara karibu na Kolwezi, Kongo. Filamu nzima ni ya taratibu na ina huruma kwa pande zote mbili. Lakini kinachozunguka mitandaoni ni kipande kimoja tu, Mchina akimsuta Mkongomani kwamba watu wake wameshindwa kutunza walichoachiwa. Anayekiona kipande hicho peke yake hajaiona filamu.

Lakini sasa tuulize: zile filamu zilizoichoma Uchina mpaka mifupani, zilitengenezwa na nani? Na Wachina wenyewe. Wang Bing aliingia wilaya ya Tiexi, mjini Shenyang, akarekodi viwanda vya serikali vikifa na wafanyakazi wakibaki mikono mitupu. Filamu yake ya 2003 ina zaidi ya saa tisa. Du Haibin alirekodi Sichuan baada ya tetemeko la 2008, na filamu yake, 1428, iliyopewa jina la dakika ile ardhi ilipotikisika, ilitunukiwa tuzo Venice mwaka 2009. Ai Xiaoming, profesa wa chuo kikuu huko Guangzhou, aliwafuata wazazi waliofiwa na watoto katika shule zilizoporomoka. Zhao Liang aliingia machimbo ya makaa ya Mongolia ya Ndani. Chai Jing alikuwa mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya taifa, CCTV, akatoa fedha zake mwenyewe kutengeneza Under the Dome, filamu kuhusu hewa chafu ya miji ya Uchina. Hawa hawakutumwa na Mzungu. Wengine wao walilipia kwa kufuatwafuatwa na polisi, na mwaka 2014 tamasha la filamu huru la Beijing lilizuiwa na kumbukumbu zake zikachukuliwa.

Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaionea nchi yake wivu ni kumtukana. Baba anayemkemea mwanawe hadharani haambiwi ni adui wa nyumba.

"Basi tutazame za serikali yao tu, wao ndio wanaoijua nchi yao."

Hapa sina haja ya kukaa sana. Redio ya Uchina imetangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na televisheni yao ilifungua kituo cha Afrika jijini Nairobi mwaka 2012. Wana kazi nzuri. Ule mfululizo wao kuhusu vyakula vya majimbo ya Uchina, uliotoka mwaka huohuo wa 2012, ni wa kupendeza, na mpishi wa Kibajuni angetoka na la kujifunza. Lakini chombo cha serikali hakimwulizi mwenye nacho swali linalomuudhi. Si Uchina peke yake. Hata hapa kwetu tunajua taarifa ya habari huanza na nani. Kuzitazama hakuna ubaya. Ubaya ni kuamini kwamba kilichoachwa nje hakikuwepo.

"Misiba ya Uchina haituhusu sisi."

Tarehe 8 Desemba 1994, katika mji wa mafuta wa Karamay, magharibi kabisa mwa Uchina, wanafunzi walikusanywa ukumbini kuwatumbuiza maafisa wa elimu waliokuja ziara. Taa za jukwaani zikashika pazia. Milango mingi ilikuwa imefungwa. Walikufa watu zaidi ya 320, na 288 kati yao walikuwa wanafunzi. Walionusurika walisimulia kwamba watoto waliambiwa wakae kitako, wakubwa watoke kwanza. Vyombo vya habari vya Uchina vikalizungumza kidogo, kisha kimya. Mwaka 2010 Xu Xin alitoa filamu ya karibu saa sita, na sehemu yake kubwa ni wazazi wameketi nyumbani mwao wakisema. Hakuna muziki wa kuliza watu. Mzazi anasema mpaka amalize, kisha anafuata mwingine.

Mkenya anayeitazama filamu ile akasema haimhusu, na aende Kyanguli, Machakos, walikoteketea wavulana 67 bwenini mwezi Machi 2001. Na aende Endarasha, Nyeri, walikokufa watoto 21 mwezi Septemba 2024. Milango, madirisha yenye vyuma, vitanda vilivyosongamana, ripoti inayoandikwa na kuwekwa kabatini: yote tunayajua. Tofauti ni kwamba wazazi wa Karamay, miaka 16 baadaye, walimpata mtu wa kuwasikiliza saa sita.

Sichuan ni hivyohivyo. Tetemeko la tarehe 12 Mei 2008 liliua watu zaidi ya 69,000. Tetemeko halina wa kulaumiwa. Lakini shule zilianguka chini kama vumbi ilhali majengo ya jirani yamesimama, na wazazi wakatoka barabarani na picha za watoto wao wakiuliza ni nani aliyekula saruji na nondo. Serikali ilikaa mwaka mzima kabla ya kutaja idadi: wanafunzi 5,335 waliokufa au kupotea. Kabla ya hapo msanii Ai Weiwei alikuwa ameshakusanya wasaidizi wa kujitolea, wakipita kijiji kwa kijiji kuandika majina. Swali la saruji na nondo ni swali la kila mahali penye zabuni, na Lamu zabuni haziishi.

Halafu kuna moshi, na hapa "haituhusu" inageuka kichekesho. Under the Dome ilitoka tarehe 28 Februari 2015. Kwa siku chache ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Chai Jing alisimama jukwaani na takwimu zake, akaeleza makaa ya mawe yanachomwa vipi, nani anakagua, nani hakagui, na kwa nini sheria iliyopo haimgusi mtu. Hata waziri wa mazingira wa wakati huo aliisifu. Wiki moja baadaye ikafutwa kwenye mitandao yote ya Uchina.

Wakati huohuo, Lamu ilikuwa inaambiwa makaa ya mawe ni maendeleo. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kiwanda cha megawati 1,050, cha gharama ya takriban dola bilioni 2, karibu na mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ikatoa leseni mwaka 2016. Waliopinga waliitwa wachochezi na maadui wa maendeleo. Mtu aliyeiona filamu ya Chai Jing angeweza kuuliza maswali ya maana kuliko "kuna kazi ngapi?". Angeuliza majivu yatamwagwa wapi, maji ya moto ya kiwanda yatarudi bahari gani, na anayekagua atalipwa na nani.

Nisidanganye: si filamu iliyozuia kiwanda kile. Ni wakaazi, chini ya kundi la Save Lamu na wenzao, waliokwenda Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, nayo tarehe 26 Juni 2019 ikaifuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapungufu. Novemba 2020 benki kubwa ya Uchina, ICBC, ikajitoa. Septemba 2021 Xi Jinping akautangazia Umoja wa Mataifa kwamba Uchina haitajenga tena viwanda vipya vya makaa ng'ambo. Tazama mpangilio huo. Uchina yenyewe ilikuwa imeshachoka na moshi kwake kabla haijaacha kuuza moshi kwetu. Waliokuwa wakizitazama filamu zao walilijua hilo mapema.

"Filamu za Pate zimethibitisha kuwa sisi na Wachina ni damu moja."

Hili ndilo dai lenyewe. Likiguswa barazani, vikombe vya kahawa vinawekwa chini.

Hadithi inajulikana. Meli ya Kichina ilipigwa na mwamba karibu na Shanga, kisiwani Pate. Mabaharia waliogelea hadi ufukweni, wakamwua chatu aliyekuwa akiwasumbua wenyeji, wakapewa makazi, wakasilimu, wakaoa. Wazao wao, wanasema, ndio Wafamau wa Siyu. Hadithi hii ni ya Pate kweli, haikuletwa na balozi yeyote. Wazee waliisimulia kabla hatujajua televisheni ni nini.

Kilichoibeba hadi nje ni magazeti. Na si ya Uchina kwanza: mwaka 1999 mwandishi wa Marekani, Nicholas Kristof, alifika Pate na kuiandika katika jarida la New York Times. Wanaosema jambo hili lote limepikwa Beijing wajue hilo. Kisha ukafika mwaka 2005, Uchina ikisherehekea miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri Zheng He. Binti mmoja wa Siyu akapewa ufadhili wa kusoma udaktari wa jadi wa Kichina, na kamera zikamfuata. Tangu hapo kila kituo cha televisheni kinachofika Pate huchukua picha zilezile: uso wa msichana, kaburi la kale, kigae cha kaure, bahari wakati wa machweo. Muziki unapanda. Msimulizi anasema damu imerudi nyumbani.

Sasa tutenganishe vitu ambavyo filamu zimevichanganya.

Je, Uchina ilifanya biashara na pwani hii? Ndiyo, bila shaka, na kwa muda mrefu kuliko filamu zinavyosema. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba mji ulianza karne ya nane, ukahamwa mapema karne ya 15. Vigae vya Kichina vimo Shanga na Manda tangu karne za mwanzo za miji hiyo. Vilikuja kwa mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba na India, mamia ya miaka kabla Zheng He hajazaliwa. Bakuli la Kichina kaburini Mambrui linatuambia marehemu alikuwa na uwezo. Halituambii alikuwa Mchina.

Je, safari za Zheng He zilifika Afrika Mashariki? Ndiyo. Zilikuwa kati ya 1405 na 1433, na twiga wa Malindi alipokelewa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Sarafu za mfalme huyohuyo, Yongle, zimepatikana: moja Mambrui mwaka 2010, na wachimbuaji wa Kichina na wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, nyingine Manda mwaka 2013, na timu kutoka Chicago iliyoongozwa na Chapurukha Kusimba. Ni ushahidi mzuri. Lakini sarafu hutembea. Inaweza kupita mikono kumi kabla haijaanguka mchangani.

Je, meli iliyozama karibu na Shanga imepatikana? Hapana. Mwaka 2010 Kenya na Uchina zilikubaliana kutafuta chini ya bahari na kuchimba nchi kavu kwa miaka mitatu. Meli ya Zheng He haijaonekana.

Na damu? Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Manda na Faza iliyo hukohuko Pate. Ulionyesha asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, iliyochanganyika tangu karibu mwaka 1000 na asili ya Uajemi, na kiasi cha India, hasa kwa upande wa kina baba. Baadaye ikaja Arabuni. Yale mapokeo ya Washirazi, kwamba asili yao ni Uajemi, yaliyokuwa yakichekwa na wasomi, yakapata nguvu. Asili ya Uchina haikuonekana humo. Utafiti huo haukuwapima Wafamau wa leo, na mabaharia ishirini wanaweza kupotelea katika ukoo mkubwa bila alama. Kwa hiyo siwaambii watu wa Siyu kwamba babu zao waliongopa. Nasema hakuna filamu iliyothibitisha kitu, na inayotumia neno "imethibitishwa" inastahili kuzimwa hapohapo.

Najua jibu la wazee: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sawa. Lakini hadithi hii sasa ina kazi nyingine. Inatajwa katika hotuba za ushirikiano, mbele ya mikataba. Zheng He huelezwa kama mgeni mwema aliyekuja bila kuteka watu, ilhali alisafiri na maelfu ya askari, na huko Ceylon alimteka mfalme akampeleka Uchina. Undugu wa miaka 600 unapotajwa mezani, anayetaka kujua riba ya mkopo huonekana hana adabu. Ndiyo maana natenganisha. Mjomba wa kweli haombi dhamana.

"Wachina wote wanatudharau, tuliona kwenye filamu ile ya Malawi."

Filamu inayosemwa ni Racism for Sale ya BBC Africa Eye, ya Juni 2022. Ilimfichua Mchina mmoja aliyewapanga watoto wa kijiji wakaimba matusi dhidi yao wenyewe kwa Kichina wasichokielewa, kisha akauza video hizo Uchina. Alikamatwa Zambia na kushtakiwa Malawi. Ni uovu mtupu, na soko lake lilikuwepo. Lakini aliyetazama Sichuan na Karamay ameshawaona Wachina wa aina nyingine, wanaolia kama sisi na kuwaogopa wakubwa kama sisi. Watu bilioni moja na zaidi hawahukumiwi kwa mwuza video mmoja, kama ambavyo sisi Wabajuni tusingependa kuhukumiwa kwa yale yanayorekodiwa kuhusu mpaka wa Somalia.

"Kule wanafungia filamu, huku tuko huru."

Afadhali tuko, nakubali. Ninayoyaandika haya sidhani ningeyaandika Guangzhou kuhusu Guangzhou. Ila tusijisifu sana. Aprili 2025 filamu ya BBC kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, Blood Parliament, ilikuwa ionyeshwe Nairobi. Onyesho likafutwa. Siku chache baadaye watengenezaji wanne wa filamu wakakamatwa usiku, vifaa vyao vikachukuliwa, wakaachiliwa kesho yake. Aliyezisoma habari za Beijing 2014 hakuhitaji kuelezwa mwendo huo.

"Filamu hizi ni za wasomi, hazimfai mvuvi."

Yung Chang, Mkanada mwenye asili ya Kichina, alitoa Up the Yangtze mwaka 2007. Inahusu familia maskini iliyojenga kibanda kando ya mto, na maji ya Bwawa la Three Gorges yanapanda siku baada ya siku. Bwawa lile liliwahamisha watu zaidi ya milioni moja. Binti wa familia anakwenda kuosha vyombo katika meli ya watalii wanaokuja kuiaga mandhari inayozama. Mwishoni baba anabeba kabati mgongoni, anapanda mlima.

Mvuvi aliyefukuzwa kwenye mkondo wake na mashine za kuchimba bandari haoni usomi hapo. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikasema pia kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilikiukwa. Kisha miaka ikapita katika rufaa na majadiliano. Wenzetu wa mto Yangtze walipewa pesa kidogo na hawakuwa na mahakama ya kwenda kuuliza. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja utajua kipi tunacho cha kukilinda, na bandari ile ina mpango wa gati 32. Zimejengwa tatu.

Kamera zitarudi. Zitatoka Beijing, London na Nairobi, kwa sababu ya bandari, ya Pate, au ya usalama wa mpaka. Watu wa Mkokoni na Siyu, msiwafukuze wenye kamera. Wapeni kahawa na waambieni mnachokijua. Lakini muwekeane nao sharti kabla hawajawasha mashine: filamu ikisha, na ionyeshwe kwanza kijijini, nzima, kwa Kiswahili, mbele ya waliomo ndani yake.